Mufupa umeshikana, lakini je, nguvu zimerudi?



Kila juma katika dispanseri ninasikia neno lile lile. Mutu anaingia bila magongo, anapiga muguu chini mara mbili mbele yangu, anasema: «Unaona, Muganga? Siumwi tena. Andika kama nimepona, nirudi kazini.» Mimi si muganga mukubwa, ni musaidizi wa waganga tu, lakini watu wa kambi wanatuita hivyo sisi wote wenye koti jeupe. Na mimi ninamujibu sikuzote kwa ulizo moja: «Nani alipima?»

Leo nataka kueleza ulizo hilo. Kwani kuna mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya. Jambo la kwanza ni kushikana kwa mufupa. Jambo la pili ni kurudi kwa nguvu za mufupa. Hayafiki siku moja, na kati ya siku ya kwanza na siku ya pili ndipo watu wanapoumia tena.

Nilimujua baba mumoja wa Kapata. Jina lake sitalitaja. Alikuwa dereva wa lori katika kampani moja ndogo ya sutretansi. Siku moja ya mvua aliteleza juu ya ngazi ya lori, na mufupa mukubwa wa muundi ukavunjika moja kwa moja, kama muti unaokatwa kwa shoka. Alipigwa picha ya radio, alifungwa platri, aliambiwa arudi kila mwezi. Mwezi wa kwanza alirudi. Mwezi wa pili alirudi. Juma la 10 alikaa nyumbani, alilowesha platri ndani ya beseni, akaikata kwa kisu. Hakuumwa. Alitembea ndani ya lupango, alikwenda sokoni, alirudi. Juma la 12 alipanda lori tena. Siku ya tatu ya kazi, aliporuka kutoka kipandio cha mwisho, muguu ukavunjika mahali pale pale. Safari ya pili ilikula karibu mwaka muzima.

Watu walimusema vibaya. Mimi sikumusema. Kampani ile ililipa siku za kazi tu, na yeye alikuwa na watoto watano wa kusomesha. Mutu mwenye njaa nyumbani hawezi kuhesabu majuma sawasawa na mutu aliyelala hospitali na mushahara wake unaingia. Lakini mufupa haujui habari ya mushahara. Una hesabu yake, na afadhali tuijue.

Mufupa umefanywa na nini?

Fanyeni jaribio hili nyumbani pamoja na watoto. Siku munapokula kuku, wekeni mifupa mitatu ya miguu, muioshe vizuri. Wa kwanza mutie ndani ya siki, ile tunayoita vinegri, muache siku tano au juma zima, na kubadilisha siki mara moja au mara mbili. Wa pili muuweke juu ya makala ya moto mpaka uwe mweupe, kisha uachwe upoe. Wa tatu musiuguse.

Sasa piga hesabu na vidole vyako. Ule wa siki unapinda kama mupira, na hauvunjiki. Ule wa moto haupindi hata kidogo, lakini ukiufinya unakuwa unga kama chaki ya shule. Na ule wa tatu ni mugumu, tena unavumilia.

Sababu ni hii. Mufupa ni mambo mawili yaliyoungana. Kuna mawe, ndiyo kalisiamu na fosfati, na mawe hayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mufupa. Tena kuna nyuzi laini zinazoitwa kolajeni, sawa kamba ndogo sana. Siki ilikula mawe, ikaacha kamba. Moto ulichoma kamba, ukaacha mawe. Mawe peke yake yanavunjika, kamba peke yake inalegea, lakini zote mbili pamoja zinabeba mutu na gunia lake.

Mutu wa kazi ya ujenzi anajua habari hii bila kwenda shule ya waganga. Sima inavumilia kubanwa, chuma kinavumilia kuvutwa, ndiyo maana tunatia chuma ndani ya sima. Kaske nyingine za kazi zinafanywa kwa nyuzi za kioo ndani ya gundi ngumu. Mukanda ule mweusi unaobeba mawe kwenda kiwandani ni mupira wenye vitambaa au kamba za chuma ndani yake. Vitu vya namna hii mainjinieri wanaviita kompoziti, maana yake vitu viwili vya tabia mbalimbali vimeunganishwa kwa kufanya kazi moja.

Lakini mufupa unashinda kaske na mukanda kwa jambo moja kubwa: unajitengeneza wenyewe. Ndani yake mna wafanyakazi wadogo, wadogo sana, hatuwaoni kwa macho. Wengine wanabomoa mahali palipochoka, wengine wanajenga upya nyuma yao. Kila siku unapotembea, unapobeba, unaporuka, nyufa ndogo sana zinaanza ndani ya mifupa yako, na usiku na muchana kikosi hicho kinaziziba. Ukizidisha kazi kuliko kikosi kinavyoweza, nyufa zinashinda. Hivyo ndivyo askari wapya wanaotembezwa safari ndefu wanavyovunjika mifupa ya miguu bila kuanguka.

Mufupa unajishonaje?

Siku unapovunjika, damu inamwagika pale kati na kuganda. Damu ile si uchafu. Ndiyo inayoita wafanyakazi waje. Ndiyo maana si vizuri kukanda na kusugua mahali pale kila asubuhi kwa maji ya moto na nguvu za mikono miwili, kama wengine wanavyofanya. Unafukuza wafanyakazi na kubomoa musingi.

Katika juma la pili na la tatu, pale kati panajaa kitu laini kama mufupa wa sikio. Kinashika pande mbili, lakini kinapinda. Kisha mawe yanaanza kuingia ndani yake, na tangu juma la 6 mpaka juma la 12 kinakuwa kibonge kigumu kinachozunguka mahali pa kuvunjika. Ukipitisha kidole juu ya muundi unakisikia. Kibonge hicho kimejengwa kwa haraka, nyuzi zake zimekaa ovyo, sawa nyumba iliyojengwa usiku mumoja kabla mvua hainyeshi. Baadaye, kwa miezi mingi, wakati mwingine miaka, mufupa unaondoa ovyo ile na kupanga nyuzi kufuata njia ya muzigo. Mwishoni, kwa mutoto hasa, huwezi kujua tena ni wapi palipovunjika.

Basi baba yetu wa Kapata, juma la 10, alikuwa katika hali gani? Kibonge chake kilikuwa kimeshika. Maumivu yaliisha kwa sababu pande mbili hazikusuguana tena. Lakini kibonge chenyewe kilikuwa bado kichanga.

Mainjinieri wanaiga mufupa, na wanapima namna gani

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, Marekani na Ulaya. Musifikiri nimepotea njia. Huko kuna watu wanaotaka vitu vya kiwanda vijitengeneze kama mufupa, na namna yao ya kupima inatufundisha sisi wa dispanseri.

Mwaka wa 2001, Scott White, Nancy Sottos na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois walitangaza plastiki inayojiponya. Ndani ya plastiki walitia vidonge vidogo sana vyenye maji ya gundi, pamoja na dawa inayogandisha gundi ile. Ufa ukipita, unapasua vidonge. Gundi inamwagika ndani ya ufa, inakutana na dawa, inakauka. Ni sawa na damu inayomwagika mahali pa mufupa uliovunjika.

Lakini hawakusema «imepona» kwa kutazama tu kama ufa umefungwa. Walichukua kipande, wakakivuta mpaka kikapasuka, wakaandika ni nguvu gani ilitakiwa ili ufa uendelee. Wakaachia, pande mbili zikarudiana, wakangoja masaa 48. Kisha wakakipasua tena, mahali pale pale, wakaandika hesabu ya pili. Wakagawanya ya pili kwa ya kwanza. Vipande vizuri kuliko vyote vilirudisha 75 kwa mia. Tena walipasua vipande vingine visivyo na vidonge ndani, ili wajue kama ni vidonge kweli vilivyofanya kazi. Vile havikurudisha kitu.

Muone uzuri wa hesabu hii. Hawaulizi: «Ufa unaonekana?» Wanaulizia: «Ulikuwa na nguvu ngapi kabla ya kuvunjika, na sasa unazo ngapi?» Bila hesabu ya kwanza, hesabu ya pili haina maana.

Plastiki ile ilikuwa na kasoro. Kidonge kikisha kupasuka ni basi. Ufa ukirudi mahali pale, hakuna gundi tena. Kwa hiyo mwaka wa 2007 watu wa chuo kile kile walitia mishipa midogo chini ya plastiki, sawa mishipa ya damu, ili gundi iweze kuja tena na tena. Mahali pamoja pakapona mpaka mara 7. Mufupa wako, tangu ulipozaliwa, una mishipa hiyo bila kulipa kitu.

Huko Uholanzi, katika chuo cha Delft, Henk Jonkers alifanya sima yenye vijidudu vilivyolala. Sima ikipata ufa, maji yanaingia, vijidudu vinaamka, vinakula chakula kilichowekwa pamoja navyo, vinatoa chokaa, ufa unazibika. Njia moja ya kuijaribu sima ya namna hiyo ni kupitisha maji: yanapita bado, au yamesimama? Kwa tanki la maji, ni kipimo kizuri. Lakini kusimamisha maji ni jambo moja, kubeba muzigo ni jambo lingine. Nguzo ya nyumba haipimwi kwa maji.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenu. Kusema «siumwi tena» ni kipimo cha maji. Kinaonyesha kama ufa umezibika. Hakionyeshi kama nguzo itabeba.

Muguu wa mutu haupasuliwi mara mbili

Katika maabara wanaweza kupasua mufupa wa panya uliopona, na wa upande mwingine uliobaki muzima, kisha wakagawanya hesabu. Kwa mutu haiwezekani. Hatuwezi kukuvunja tena ili tujue ungevunjika kwa kilo ngapi. Ndiyo maana tunakusanya alama nyingi, na kila alama ina udhaifu wake.

Tunaanza kwa mikono. Ninabonyeza mahali palipovunjika: unaumwa? Ninashika juu na chini, ninajaribu kupinda polepole: panacheza? Unasimama na muguu mumoja: unakunja uso? Kama jibu ni «hapana» mara tatu, ni vizuri. Lakini mikono yangu si mashine, na wewe unayetaka kurudi kazini unaweza kukaza meno. Nimeona wengi wakikaza meno.

Kisha kuna kalenda. Muganga George Perkins wa Uingereza aliacha hesabu ya zamani ambayo wanafunzi wa uganga wanaisoma bado. Mufupa wa mukono uliovunjika kwa kujizungusha unashikana kwa majuma 3. Ili uwe imara, zidisha kwa 2: majuma 6. Kama ni muguu, zidisha tena kwa 2: majuma 12. Kama ulivunjika moja kwa moja kama muti unaokatwa, zidisha tena kwa 2: majuma 24. Muone wenyewe: muundi wa baba wa Kapata, uliokatika moja kwa moja, ulidai karibu majuma 24. Yeye aliupa 12. Ni hesabu ya kukadiri, mutu mumoja anapona mbele, mwingine nyuma, na mutoto anawashinda wakubwa wote. Lakini inamuonya mutu asiseme «miezi mitatu imetosha» kwa sababu jirani yake aliyevunjika mukono alirudi kazini kwa majuma 6.

Kisha picha ya radio. Watu wanaiamini kama Biblia. Picha inaonyesha mawe tu, haionyeshi kamba. Mwanzoni kitu laini kimejaa pale, lakini picha ni tupu, na mugonjwa analia kwamba hakuna kinachofanyika. Baadaye picha inaonyesha wingu jeupe, na mugonjwa anacheka kwamba amepona. Zote mbili zinadanganya kidogo. Kwa hiyo waganga wanapiga picha mbili, moja kwa mbele na moja kwa upande, na kutazama kingo nne za mufupa. Mara nyingi wanataka kingo tatu kati ya nne ziwe zimevuka daraja. Kuna hesabu iliyotangazwa mwaka wa 2010 kwa ajili ya muundi: kila ukingo unapewa alama 1 kama hakuna kibonge, 2 kama kibonge kipo lakini mustari wa kuvunjika unaonekana bado, 3 kama daraja limevuka na mustari umepotea. Wa chini kabisa anapata 4, wa juu kabisa 12. Faida yake ni kwamba tunalinganisha mwezi huu na mwezi uliopita. Picha moja peke yake inasema kidogo sana.

Je, kuna kipimo cha nguvu kwelikweli, kama kile cha mainjinieri? Kipo, kwa wale waliofungwa vyuma kwa nje ya muguu. Mwaka wa 1994, huko Uingereza, muganga Richardson na wenzake walitangaza habari ya watu 212 waliovunjika muundi. Kwa watu 117, waganga walitoa vyuma kwa kutumia akili na mikono, kama mimi ninavyofanya. Kwa wengine 95, waliupima muguu kwa chombo: waliupinda kidogo sana, wakasoma unakataa kiasi gani, na hawakutoa vyuma mpaka ufike hesabu 15. Maana ya 15 ni hii: chukua fimbo ya metre 1, funga kilo 1 na nusu kwenye ncha. Nguvu hiyo ya kupinda isiweze kuupinda mufupa kupita digri 1.

Na matokeo? Katika wale 117, watu 8 walivunjika tena. Katika wale 95 waliopimwa, hakuna hata mumoja. Wengine watafikiri ni kwa sababu waliopimwa waliwekwa muda murefu zaidi. Hapana! Waliopimwa waliruhusiwa kutembea mapema: nusu yao kabla ya majuma 22, na wale wengine kwenye majuma 24. Habari hii ninaipenda sana, ninaisimulia kwa kila kapita anayelalamika kwamba dispanseri inakawisha watu. Kupima kulikataza wale ambao hawajawa tayari, na kulifungua mulango kwa wale waliokuwa tayari bila wao kujua.

Mufupa unataka kazi, lakini kwa kipimo

Musichukue neno langu kama amri ya kulala kitandani. Mufupa usiobeba kitu unakuwa mwembamba. Hata watu wanaokaa miezi mingi angani ndani ya chombo, ambapo hakuna uzito, wanarudi na mifupa iliyopungua. Wale wafanyakazi wadogo wa ndani wanasikia muzigo, na wanajenga pale muzigo unapopita.

Kwa hiyo muganga anaweza kukuambia: «Kanyaga kilo 20 tu.» Wengi wanaitikia, kisha wanakwenda kukanyaga wanavyotaka, kwa sababu nani anajua kilo 20 ni nini chini ya muguu? Chukua mizani ya kusimama. Simama na magongo, weka muguu muzima chini na muguu mugonjwa juu ya mizani, sukuma polepole mpaka isome 20. Funga macho, sikia. Fanya mara kumi. Kama nyumbani hakuna mizani, njoo kwetu, hatukulipishi kitu kwa kukanyaga mizani. Lakini hesabu ya kilo itoke kwa muganga wako, isitoke kwa jirani.

Mama wa nyumba, kazi yenu katika habari hii ni kubwa. Mawe ya mufupa na kamba zake yanatoka ndani ya chungu. Kapenta na samaki wengine wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharagi, karanga, sombe, mayai yakipatikana: hivyo vinajenga. Bukari peke yake inashibisha tumbo, haijengi daraja. Mutoeni mugonjwa nje apate jua. Na baba akiomba sigara kwa ajili ya kupitisha masaa, mumukatalie bila huruma, kwani moshi wa tumbaku unakawisha mufupa kushikana. Habari hiyo imepimwa, si maneno ya wahubiri.

Juu ya wazee wanaofunga mifupa kwa vijiti, sitawatukana. Wengine wana mikono mizuri, na kuzuia muguu usicheze ni akili ya kweli. Hatari ni kamba. Kamba ikikazwa sana na muguu ukivimba, damu haipiti, na kwa masaa machache nyama inaanza kufa. Hata platri yetu inaweza kufanya vile. Vidole vikiwa baridi, vikififia, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kila saa pahali pa kupungua, musingoje asubuhi. Fungueni kamba, na mugonjwa aletwe usiku ule ule, hata kwa pikipiki ya wewa.

Vitu vya kazi ambavyo havijiponyi

Nilisema kaske ni kompoziti au plastiki, na mufupa ni kompoziti. Hatari ni mutu kusahau tofauti. Kaske tunazovaa hazina vidonge vya Illinois. Ufa ulioingia leo utakuwa murefu zaidi kesho. Kaske ya nyuzi za kioo inaweza kupigwa na jiwe, ikabaki nzuri kwa nje, na ndani nyuzi zimeachana. Kwa hiyo kaske iliyopokea pigo kubwa inabadilishwa, hata kama inang'aa. Usiiweke rangi, usiitoboe kwa ajili ya hewa, usiiache kwenye kioo cha mbele cha gari siku nzima, kwani jua la Lualaba linakausha plastiki.

Kwa kaske ya plastiki unaweza kufanya kipimo chako mwenyewe. Ishike pembeni kwa mikono miwili, uibane ndani kama sentimetre 2 na nusu, uachie. Inapaswa kurudi mara moja, bila kulia. Fanya vile vile kwa kaske mupya ya namna ile ile. Kama yako inalia, au ni ngumu kuliko mupya, au inarudi polepole, ipeleke kwa mukubwa wa usalama. Munaona? Ni hesabu ile ile: ilikuwaje mwanzo, na iko namna gani sasa.

Ufa wa kaske usipakwe gundi. Nimeona kaske moja imeshonwa kwa waya safi kabisa, kazi ya fundi kweli. Mwenyewe alijisifu. Nilimuuliza kama angeshona hivyo kamba ya kuinulia muzigo juu ya kichwa chake, akacheka, lakini kesho yake alikuja na kaske nyingine.

Siku ya kupimwa

Usikate platri nyumbani. Ukiona majuma yamekuwa mengi na pesa zimekwisha, njoo useme hivyo hivyo: «Pesa zimekwisha.» Wakati mwingine muganga anaweza kuandika kazi nyepesi: ya kukaa, bila ngazi, bila muzigo, bila kushuka shimoni. Kazi nyepesi si zawadi, ni namna ya kuupa mufupa muzigo kidogo kidogo. Wewe mwenyewe uliza: Kingo ngapi zimevuka? Mwezi uliopita zilikuwa ngapi? Nibebe kilo ngapi? Ngazi, lini? Muganga muzuri hakasiriki akiulizwa.

Leta picha zako zote, hata ile ya siku ya kwanza. Ile ya kwanza ndiyo hesabu tunayogawanyia. Baba wa Kapata, safari ya pili, alikuja na picha sita ndani ya gunia la sima, zimekunjwa mara nne, na kila mukunjo uliacha mustari juu ya mufupa. Tulikaa naye karibu saa nzima mbele ya dirisha, tukitafuta ni mustari gani wa mufupa na ni mustari gani wa gunia. Wekeni picha chini ya godoro, zilale bapa.